Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Haut-Katanga: tuulizeni kuhusu macho yetu

Lubumbashi, komini ya Katuba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia afya ya jimbo letu na matunzo ya watu wanaoishi na VVU

Yahusu: wenye VVU wanaopofuka kwa magonjwa yenye tiba

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwanamke ninayeishi na VVU, na ni mwelimishaji rika katika kituo kimoja cha kugawa dawa mtaani, vile tunavyoviita PODI. Wenzangu wanapokuja kuchukua ARV zao, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, mimi ndiye ninayewapokea, ninawapima uzito, ninawauliza maswali yaliyo kwenye fishi, ile karatasi ya mgonjwa, ninawakabidhi vidonge vya miezi kadhaa, na nikiona dalili mbaya ninawarudisha hospitalini.

Haya nitakayoyasema mlikwisha kuyasikia. Tuliyasema kwenye mikutano na vyama vyetu. Tukaleta barua, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Tukafuatilia kwa sekretari, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri, na wakati huo watu tunaowajua kwa majina wakaacha kuona. Ndiyo sababu leo ninawaandikia mbele ya watu wote.

Kilio chetu ni kimoja. Katika mji huu mtu mwenye VVU anaweza kumeza dawa zake kila siku, asikose miadi, na bado akapofuka kwa ugonjwa unaojulikana, kwa sababu anayempa ARV hamwangalii macho, na anayemwangalia macho hamuulizi kuhusu VVU. Fishi yangu inaniagiza niulize mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Hayo ni ya kutafuta kifua kikuu, na ni mazuri, yameokoa wengi. Lakini hakuna mstari unaouliza kama mtu anaona. Mgonjwa asiposema mwenyewe, haijulikani. Na wengi hawasemi, kwa kuwa wanadhani macho ni jambo jingine lisilohusu dawa hizi.

Naomba niwaeleze jambo moja moja.

1. Upofu usiouma

Kuna virusi vinavyoitwa sitomegalo. Watu wazima wengi wanavyo mwilini na haviwadhuru. Kinga ikishuka mno, CD4, yaani chembe za kinga zinazohesabiwa katika damu, zikiwa chini ya 50, virusi hivyo huamka na kuishambulia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho haliwi jekundu, halivimbi, halitoi machozi. Mtu huona vidoa vyeusi vikielea, au mimuliko ya mwanga, au upande mmoja unakuwa giza. Akikaa bila dawa, jicho la pili nalo huweza kufuata. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Dawa huokoa ile iliyobaki, na kwa hiyo kila wiki ina thamani yake. Kabla ya dawa mseto za VVU kuanza kutumika mwaka 1996, karibu theluthi moja ya wagonjwa wa UKIMWI nchini Marekani waliupata ugonjwa huu.

Nina mwenzangu aliyekuwa akiuza unga wa bukari katika soko la komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alihamia Kasumbalesa kutafuta maisha, akaacha dawa kwa muda mrefu, kisha akarudi amekonda sana. Tukafurahi, akaanzishiwa dawa upya. Baada ya wiki chache akaanza kulalamika kwamba anaona ukungu upande wa kushoto. Kwenye kituo alikotibiwa, ambacho sitakitaja, aliambiwa ni vumbi la kiangazi, akapewa matone. Hakuna aliyemwambia afunike jicho moja ajaribu lingine. Hakuna aliyempanua mboni na kutazama ndani. Alipofikishwa kwa daktari wa macho, retina ilikuwa imebanduka. Jicho hilo sasa linatofautisha mchana na usiku tu.

Yaliyofuata yalinitesa kuliko yote. Alikuwa anaona kabla ya kurudia ARV, na baada ya kuzirudia akapofuka, basi akaamini ARV ndizo zilizompofusha, na akawaambia wengine sokoni. Ukweli ni kwamba virusi vilikuwa tayari vimo jichoni. Kinga inapoanza kupanda, mwili hupigana na kilichomo, jicho likapata uvimbe wa ndani, na mtu akaona vibaya zaidi kwa muda. Angeelezwa hivyo mapema na kuangaliwa mapema, asingelaumu kidonge. Mimi nilibaki bila jibu la kumpa siku ile, kwa kuwa sisi waelimishaji hatukufundishwa hata sentensi moja kuhusu macho. Mnatutuma tupambane na uvumi unaowaachisha watu dawa. Basi tupeni maarifa ya kupambana nao.

2. Nyama inayoota jichoni

Jua la Lubumbashi mnalijua, na vumbi jekundu la kuanzia Juni mnalijua. Kijana akiota kinyama kwenye weupe wa jicho, kila mtu humwambia ni jua na vumbi. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mwenye VVU, kinyama hicho cha rangi ya waridi au nyeupe, kinachoanzia pale weupe unapokutana na duara jeusi, kinaweza kuwa mwanzo wa saratani ya utando wa jicho. Katika Afrika ya mashariki na kusini huwapata watu wazima wangali vijana, na VVU huongeza hatari hiyo mara kadhaa, pamoja na miale ya jua. Wachimbaji wetu, wale tunaowaita creuseurs, hushinda juani kutwa nzima bila miwani. Wengi wao huhama kutoka chimbo hadi chimbo, na kadi ya dawa hubaki nyuma.

Likigunduliwa mapema, jambo hili ni dogo. Kinyama hukatwa, kinapelekwa maabara, jicho linabaki. Utafiti uliofanyika nchini Kenya (nchi, si komini yetu) na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopewa matone ya fluorourasili, dawa ya saratani, baada ya upasuaji, uvimbe uliwarudia watu takriban 11 kati ya 100 ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa matone yasiyo na dawa, uliwarudia 36 kati ya 100. Ni matone tu, mara nne kwa siku, kwa wiki nne.

Hapa kwetu nimemwona kijana aliyekatwa kinyama hicho, kikatupwa. Hakikupimwa. Hakuulizwa kama anajua hali yake ya VVU. Kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza, naye akanunua matone kwenye farmasi ya barabarani, kila mara ya aina nyingine, mpaka siku alipoondolewa jicho lote ili kuokoa uhai wake. Ana watoto wadogo. Alijua kwamba ana VVU wakati huohuo alipoambiwa habari ya jicho.

3. Zona ya usoni

Zona, ambayo wengine huiita mkanda wa jeshi, ikitokea kwenye paji la uso upande mmoja, na hasa malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Asikloviri, dawa ya kupambana na virusi vyake, ya miligramu 800, mara tano kwa siku kwa siku 7 hadi 10, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72. Lakini saa hizo 72 hupotea kwenye maombi, au kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa uso uliojaa malengelenge upande mmoja huwafanya watu waseme mtu amerogwa. Wengine hutiwa maji ya majani jichoni. Wengine huuziwa matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi, bila kupimwa na mtu yeyote, na kama kwenye kioo cha jicho kuna kidonda cha hepesi, matone hayo hukipanua. Zona ya usoni kwa kijana ni sababu tosha ya kumshauri apime VVU. Ni wangapi wanaoshauriwa hivyo?

4. Dawa za kifua kikuu

Wengi wetu tumepitia kifua kikuu. Miongoni mwa vidonge vyake kuna ethambutoli, dawa nzuri inayoweza kuumiza mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Dalili ya mwanzo ni rangi kufifia, hasa nyekundu na kijani. Dozi ikiwa kubwa kuliko uzito wa mtu, au figo zikiwa dhaifu, hatari inapanda, kwa sababu dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo. Na tenofoviri iliyo ndani ya ARV zetu inaweza kudhoofisha figo kwa baadhi ya watu. Nani anayaunganisha mambo haya matatu kwa mgonjwa mmoja? Kifuniko chekundu cha chupa kinatosha kuanzia: mwonyeshe mgonjwa kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, umuulize kama wekundu ni uleule. Akisema jicho moja linaona wekundu umepauka, daktari ajulishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ikisimamishwa mapema macho mengi hupata nafuu.

5. Kichwa kinachouma pamoja na ukungu wa macho

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokoka huongeza shinikizo ndani ya kichwa, na shinikizo hilo linaweza kuua mshipa wa jicho. Watu wetu wanaogopa sindano ya mgongoni, wanasema inaua. Waelezeni kwamba kutoa maji yale ndiko kunakopunguza shinikizo.

6. Milango miwili isiyojuana

ARV ni bure. Huduma ya macho si bure. Mtu akitoka kwangu na karatasi ya kumtuma kwa daktari wa macho, anaenda kulipa kadi, kulipa uchunguzi, kulipa matone, pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi. Wengi huitia karatasi ile mfukoni, na hapo habari inaisha. Wanaofika hukutana na jambo jingine: wanaficha kwamba wana VVU, kwa kuwa kwenye foleni ya macho kila mtu anasikia kinachosemwa dirishani. Daktari asipoambiwa hawezi kukisia. Na matokeo ya uchunguzi hayarudi kwangu wala kwenye faili la ARV. Nimewahi kumwuliza mgonjwa daktari alisema nini, akanijibu, "Dada, alisema nirudi." Arudi lini, na kwa sababu gani, hapakuwa na karatasi iliyosema.

Najua majibu mtakayotupa, kwa kuwa mengine tumekwisha kuyapata.

Mtasema ARV zimekwisha kulimaliza tatizo hili. Kwa anayeanza mapema na kuendelea, ni kweli, na tunashukuru. Lakini watu bado wanafika wamechelewa, na bado wanaacha njiani na kurudi. Hao ndio ninaowazungumzia. Saratani ya jicho na zona, kwa upande wao, hazingoji CD4 zishuke hadi 50.

Mtasema upofu wa sitomegalo ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Ni kweli kwamba kule umeonekana mara nyingi zaidi kuliko Afrika. Ila ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na huku kwetu mboni haipanuliwi. Sidai kwamba umejaa kila mtaa. Ninadai kwamba anayeupata ana haki ya kuonwa angali na jicho.

Mtasema madaktari wa macho ni wachache. Ni wachache kweli, wala hatuwalaumu, waliopo wanachoka. Lakini Myanmar ilikuwa na uhaba kama wetu, na kule Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) iliwafundisha madaktari wa kawaida wa kliniki za UKIMWI kutazama retina wenyewe, kwa taa ya kichwani na lenzi ya mkononi, na kuanzisha matibabu. Kazi ya kutazama inaweza kugawanywa. Hata mimi naweza kumwambia mtu afunike jicho moja na kuhesabu vidole vyangu.

Mtasema dawa ya sitomegalo ni ghali. Ilikuwa ghali mno. Mwaka 2013 kampuni ya Roche ilikubaliana na Medicines Patent Pool, shirika linalotafuta dawa za bei nafuu kwa nchi maskini, kushusha bei ya dawa hiyo, valgansikloviri, hadi asilimia 90, kwa nchi 138 zinazoendelea. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni vidonge: viwili vya miligramu 450 asubuhi na viwili jioni kwa siku 21, kisha viwili kwa siku mpaka kinga ipande. Mgonjwa halazwi kwa ajili yake, ila hupimwa damu mara kwa mara, kwani dawa inaweza kushusha chembe za damu. Nimeuliza katika farmasi za mji na kwenye ghala la dawa zetu, sijaiona.

Mwisho mtasema fedha hakuna, hasa tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake. Tuliona sisi wenyewe vituo vikitetereka na wafanyakazi wakirudi nyumbani, hatuhitaji kuelezwa. Lakini swali moja kwenye fishi halina bei. Na sheria ya madini ya mwaka 2018 inaligawia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na mamlaka za mitaa asilimia 15. Haut-Katanga ni jimbo la shaba na kobalti. Taa za kutazamia retina na lenzi zake chache haziwezi kuwa mzigo kwa jimbo hili.

Wapo pia wanaotufariji kwa kusema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Methali hiyo ni ya kumwambia mtu ambaye jicho lake lilishindikana baada ya kila kitu kujaribiwa. Kwetu hakuna kilichojaribiwa.

Kwa hiyo tunaomba haya, tena kwa jina la kifungu cha 47 cha Katiba kinachodhamini haki ya afya, na la Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za watu wanaoishi na VVU.

Liandikwe swali la macho kwenye fishi ya kila PODI na kila kituo, liulizwe kwa kila jicho peke yake: unaona sawa na zamani, kuna kitu kinaelea, kuna kitu kimeota, rangi zimebadilika? Tufundishwe, sisi waelimishaji na wauguzi, jinsi ya kuliuliza na la kufanya jibu likiwa baya. Hili linaweza kuanza mwezi huu.

Kila anayeanza au kurudia ARV akiwa na CD4 chini ya 100 atazamwe retina kwa mboni iliyopanuliwa, bila kucheleweshewa ARV zenyewe kwa kisingizio hicho. Na pale penye kipimo cha haraka cha CD4 tu, kile kinachoonyesha kama mtu yuko juu au chini ya 200, wote walio chini watazamwe, kwa sababu kipimo hicho hakiwezi kutuambia nani yuko chini ya 50.

Asikloviri ya vidonge isikosekane kwenye kituo chochote, na valgansikloviri iagizwe, hata kwa kiasi kidogo, iwekwe mahali pamoja panapojulikana.

Kila nyama inayokatwa jichoni ipelekwe maabara. Kila mwenye nyama hiyo au zona ya usoni ashauriwe kupima VVU, kwa hiari yake na kwa siri, ndani ya chumba, si dirishani.

Mgonjwa anayetumwa kutoka kituo cha ARV asilipe kuonwa na daktari wa macho, na arudi na karatasi itakayoingia kwenye faili lake.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likisema ni lipi kati ya haya mtalifanya, lini, na nani atalisimamia. Kama kuna lisilowezekana, tuambieni sababu yake waziwazi, tutakaa nanyi kutafuta njia nyingine. Tuko tayari kuja ofisini siku mtakayotaja, na mwenzetu wa sokoni amekubali kuja kusema mwenyewe.

Kwa heshima,

Mwelimishaji rika, Katuba
(Jina langu kamili na namba yangu ya simu viko kwenye barua mliyoipokea.)